Maswali ya Wasomaji: Ramu, Maembe na Ndimu za Pwani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, na sababu yake haihitaji kutafutwa mbali: maembe yamejaa sokoni Malindi, joto la kaskazi limekaza, na kila mwenye friji anafikiria kinywaji cha kumkaribishia mgeni jioni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa makosa yaliyomo nimewahi kuyafanya mwenyewe nilipoanza kusimama nyuma ya kaunta ya baa hapa mjini.

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Muyeye, Malindi. Mwezi uliopita niliwaalika jamaa nyumbani kusherehekea kazi mpya ya mke wangu, tukawa watu 6, nami nikajaribu kutengeneza ile kokteli ya ramu na matunda ninayowaona wageni wakiinywa hotelini. Nilisaga maembe manne pamoja na nanasi zima, nikatia sukari vikombe viwili, nikamimina chupa nzima ya ramu nyeusi ya mililita 750, kisha nikajaza barafu kwenye jagi na kuliacha mezani. Mwanzoni kinywaji kilikuwa kizito kama uji na kitamu cha kukinaisha; baada ya nusu saa kikawa majimaji; na asubuhi yake wageni wawili waliamka na vichwa vinavyowagonga, ilhali wanasema hawakuisikia pombe hata kidogo walipokuwa wakinywa. Nilikosea wapi, na vipimo vyake ni vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mkeo. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno ndimu, sikuliona. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kinywaji cha ramu na matunda bila ndimu ni sawa na mchuzi wa papa usiotiwa ukwaju: kila kitu kimo ndani, lakini ulimi hauna pa kushika. Wewe ulipoonja ukaona ladha imelala, ukadhani kinachokosekana ni sukari, ukaongeza; na kila ulipoongeza sukari, ukali wa ramu ulizidi kufichika.

Katika visiwa vya Karibi, ambako ramu ilianza kutengenezwa katika karne ya 17 kwa kuchachusha molasi iliyobaki kwenye viwanda vya sukari na kuikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake, watu waliweka kipimo chepesi kukumbuka: kichachu kimoja, kitamu viwili, kikali vitatu, chepesi vinne. Kichachu ni ndimu, kitamu ni sukari, kikali ni ramu yenyewe, na chepesi ni maji, barafu au juisi. Juu yake hukunwa kungumanga kidogo. Kinywaji cha namna hii huitwa panchi, na wengi husema jina hilo limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa sababu mabaharia waliokwenda Bara Hindi walichanganya vitu vitano: pombe, sukari, ndimu, maji na viungo. Ukivitazama vitu hivyo vitano, ukiacha pombe, utaona kwamba hakuna hata kimoja kisichopatikana katika jiko la mama yako.

Hata hivyo kipimo hicho usikifuate kama kilivyo. Kiliwekwa kwa ajili ya sukari na maji, nasi tuna embe, ambalo tayari limebeba sukari yake, na sukari hiyo hubadilika kutoka embe hadi embe. Ngowe lililoiva mtini linaweza lisihitaji sukari kabisa, ilhali embe lililochumwa bichi likavundikwa huwa na rangi nzuri na utamu haba. Kwa kazi hii ningechagua ngowe kuliko yote, kwa kuwa nyama yake ni laini na nyuzi zake ni chache; dodo pia linafaa, ila ni lazima ulipitishe kwenye chujio baada ya kulisaga. Kosa lako la uji lilitoka hapo: ulisaga, hukuchuja.

Sasa vipimo, kwa gilasi moja. Chukua ramu mililita 50, ambazo ni vijiko 3 vya mezani na kijiko 1 cha chai. Embe lililosagwa na kuchujwa, vijiko 4 vya mezani. Juisi ya nanasi, vijiko 2. Maji ya pasheni mbili. Ndimu mbichi iliyokamuliwa muda huohuo, kijiko kimoja na nusu. Na shira kijiko kimoja au pungufu. Shira ninayoisema ni ileile ya kaimati, ila nyepesi zaidi: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, ichemke mpaka sukari ipotee, kisha ipoe. Usitumie sukari kavu, kwa sababu haiyeyuki vizuri ndani ya kitu cha baridi. Itazama chini, na mtu wa mwisho kunywa ndiye atakayekuta shehena yote. Kwa watu 6, zidisha kila kitu mara 6, isipokuwa shira. Shira itie nusu kwanza, onja, kisha uamue.

Kuhusu kuonja kuna jambo moja ambalo wanaoanza huwa hawaambiwi. Ubaridi huufifisha utamu. Mchanganyiko ukiwa bado haujaguswa na barafu unapaswa kuonekana mtamu kidogo kupita unavyotaka, na mchachu kidogo kupita unavyotaka pia, kwa kuwa barafu itaupooza na kuuongezea maji. Ukiona bado kuna ladha fulani ya uchungu, tia chumvi kidogo sana, ile ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Haitasikika kama chumvi, lakini uchungu utapungua.

Pasheni nayo ina adabu yake. Kata, komba, kisha sukuma ute kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Ukiitia kwenye blenda na kuiacha izunguke, mbegu zitavunjika na kuacha uchungu pamoja na vichembe vyeusi ambavyo hakuna chujio la nyumbani litakaloviondoa vyote.

Tuje kwenye barafu, kwa maana hapa ndipo jagi lako lilipogeuka maji. Barafu ina kazi mbili, kupoza na kulainisha, na kazi hizo mbili hutakiwi kuziacha zijiendee zenyewe mezani. Matunda, shira na ramu viweke kwenye friji tangu asubuhi. Wageni wakifika, mimina kiasi cha gilasi mbili kwenye chupa ya achari yenye kifuniko kinachobana, tia barafu hadi nusu, funga, na utikise kwa nguvu sekunde 15 hivi, mpaka chupa ipate ukungu kwa nje na mkono uanze kulalamika. Hapo kinywaji kimekwisha kuongezeka kwa karibu robo kutokana na barafu iliyoyeyuka, na ndicho kiasi tunachokitaka. Chuja kwenye gilasi yenye barafu mpya ya vipande vikubwa, kwa sababu kipande kikubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vyenye uzito uleule. Huhitaji vifaa vya hoteli. Bakuli dogo la plastiki likigandishwa usiku hutoa kipande kizuri cha kuvunja kwa mchi.

Maji ya barafu hiyo yawe ya kunywa. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi wanajua nizungumzalo, kwani chumvi haiondoki kwa kuganda kwenye friji. Na tafadhali, usinunue ile barafu ya magogo wanayochukua wavuvi. Nimewahi kuona nyumba ya watu wa heshima ikifanya hivyo stima zilipokatika, na kokteli nzima ikanuka changu.

Nimechelewesha suala la ramu kwa makusudi. Wewe ulitumia nyeusi. Ramu nyeupe ni nyepesi na huacha tunda liongoze. Ramu ya dhahabu imekaa kwenye mapipa ya mwaloni ikapata rangi na harufu ya sukari iliyoungua. Nyeusi ina uzito wa molasi, na ikitiwa kwa wingi hulifunika embe kabisa. Nyumbani kwangu huchanganya nyeupe mililita 35 na nyeusi mililita 15. Kama una chupa moja tu, iwe ya dhahabu.

Na sasa hesabu ya vichwa vya wageni wako. Ramu ya kawaida ina alkoholi asilimia 40, kwa hiyo chupa ya mililita 750 ina mililita 300 za alkoholi tupu. Ikigawanywa kwa watu 6, kila mmoja alipata mililita 50, ambazo ni sawa na chupa mbili na nusu za bia, chupa zile za mililita 500 zenye asilimia 4, naye alizinywa huku akidhani anakunywa juisi. Gilasi moja ya vipimo vyangu ina mililita 20 za alkoholi, yaani sawa na chupa moja ya bia hiyo. Waambie wageni wako hivyo mapema, wawekee mezani maji na kitu cha kutafuna, viazi karai au samaki wa kukaanga, na atakayekunywa arudi kwao kwa tuktuk inayoendeshwa na mtu mwingine.

SWALI: Mzee, salamu kutoka Barani, Malindi. Nilitengeneza piña colada kwa nazi yangu mwenyewe badala ya ile ya mkebe. Nilikuna nazi, nikakamua tui zito, nikachanganya na nanasi, ndimu na ramu, halafu nikaongeza maziwa ya ng'ombe kidogo ili kiwe laini. Kiliwekwa kwenye friji saa mbili. Nilipokitoa kilikuwa na vidonge vyeupe juu na uchungu usioelezeka. Je, tui lilikatika?

JIBU: Binti yangu, umekusanya matatizo matatu ndani ya jagi moja, na ni moja tu kati yake linaloweza kuitwa kukatika.

Vile vidonge vyeupe vilivyoelea ni mafuta ya nazi yaliyoganda. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo maana chupa yako ya mafuta ya nywele huwa ngumu asubuhi za baridi za mwezi wa Julai. Ndani ya friji hayana njia nyingine. Tui kukatika ni jambo tofauti: hutokea ndimu na nanasi zinapoligusa tui bila kitu cha kulishikilia, likatengana vipande vidogovidogo na maji. Uchungu nao ulitoka kwenye maziwa ya ng'ombe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huzivunjavunja protini za maziwa, na maziwa yakikaa nacho huwa machungu. Nanasi lililochemshwa au la mkebe halifanyi hivyo, kwani moto umekwisha kukiua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo maziwa yaache kabisa, nazi inatosha.

Puerto Rico, ambako piña colada ilitangazwa kuwa kinywaji rasmi mwaka 1978, hawatumii tui tupu kama tulijualo sisi. Hutumia krimu ya nazi iliyopikwa na sukari nyingi mpaka ikawa nzito, na uzito huo ndio unaozuia kutengana. Unaweza kuipika mwenyewe. Kamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu machache mno, upate kikombe kimoja. Lichuje kwa kifumbu. Tia sukari robo tatu ya kikombe na chumvi kidogo. Weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kupumzika, kama ufanyavyo kwa wali wa nazi au samaki wa kupaka, mpaka sukari iyeyuke na tui lianze kushika kijiko. Lisitokote. Ipua, poza, na itumie ndani ya siku tatu.

Wakati wa kuandaa, tia vijiko 3 vya krimu hiyo, ramu mililita 50, nanasi lililokatwa kikombe kimoja na barafu kikombe kimoja kwenye blenda, usage mpaka kiwe laini, na ndimu kijiko kimoja cha chai iingie mwisho kabisa. Kinywewe palepale. Hakuna njia ya kukiweka piña colada cha nazi yetu kwenye friji kwa saa mbili kikabaki salama, na mimi nisingejaribu.

SWALI: Ndugu mwandishi, assalaam alaikum. Mimi ni mama wa makamo, ninaishi Langoni, Lamu, na nina vyumba vinne vya kupangisha wageni. Nyumbani kwetu kileo hakiingii. Wageni wangu hupenda kukaa darini jioni na huniuliza vinywaji vya matunda kama vile vya Malindi. Juisi za kawaida ninazo, lakini wao husema ni za asubuhi. Nitengeneze nini kitakachofanana? Pia binti yangu ameniambia kuwa ramu ikichemshwa pombe yote hutoka ikabaki ladha tu. Ni kweli?

JIBU: Waalaikumu salaam, Bibi. Nianze na la mwisho, kwa sababu ni zito zaidi kwako. Si kweli. Alkoholi hupungua kwa kuchemshwa, na kadiri chakula kinavyokaa motoni ndivyo inavyozidi kupungua, lakini sehemu hubaki hata baada ya muda mrefu. Vilevile, chupa ndogo za rojorojo la ladha ya ramu zinazouzwa kwa ajili ya keki, baadhi yake zimeyeyushwa ndani ya alkoholi, kwa hiyo soma karatasi yake kabla ya kununua. Kwa nyumba iliyoamua kama yako, njia iliyo wazi ni kuiacha ramu nje ya hesabu tangu mwanzo.

Wageni wako wanaposema juisi ni ya asubuhi wana hoja, ingawa hawajui kuieleza. Juisi ni tamu na nyepesi, mtu huimaliza kwa mikupuo mitatu. Ramu huleta mambo matatu yanayomfanya mtu anywe polepole: moto kooni, ukakasi unaokausha ulimi ambao hutoka kwenye mbao za mapipa, na harufu ya molasi. Yote matatu unayo Lamu. Moto utaupata kwenye tangawizi mbichi iliyotwangwa na kukamuliwa. Ukakasi utaupata kwenye chai ya rangi iliyokolea, iliyopozwa. Harufu ya molasi iko kwenye sukari guru, ambayo haikuondolewa molasi yake kama ilivyoondolewa sukari nyeupe.

Pika shira kwa sukari guru kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, pamoja na kijiti cha mdalasini na hiliki tatu zilizopasuliwa. Kwa gilasi moja, changanya chai ya rangi vijiko 4 vya mezani, embe lililochujwa vijiko 4, maji ya pasheni mbili, ukwaju mzito kijiko kimoja, ndimu kijiko kimoja, maji ya tangawizi kijiko kimoja cha chai na shira kijiko kimoja. Tikisa na barafu kama nilivyomweleza kijana wa Muyeye hapo juu, kisha ukune kungumanga juu. Ukiwa na madafu, ongeza kidogo gilasi ikiwa tayari, usiyatikise. Chai iwe ya majani mengi kuliko uchemshayo kunywa, ila isikae na majani zaidi ya dakika 5, la sivyo ukakasi utageuka uchungu.

Nilikiandaa kinywaji hiki kwa watu waliozoea ramu, na wawili kati yao waliniuliza nimetia chupa gani. Sikuwajibu upesi.

SWALI: Mzee, mimi ni wa Mtangani, Malindi. Ramu ni ghali. Naweza kutumia mnazi badala yake? Na nikitaka kuwauzia majirani gilasi mbili tatu siku za Jumamosi?

JIBU: Mnazi unaweza kuutumia, ila usiuhesabu kama ramu. Ramu imekenekwa, mnazi umechachuka tu, na nguvu yake hukaribia ya bia. Ukiutia mililita 50 hautasikika. Uweke mahali pa kile kilicho chepesi: mnazi mililita 150, embe vijiko 4, ndimu kijiko kimoja, shira kulingana na saa, kwa maana wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, na wa kesho yake unaelekea kuwa siki. Usiutikise ndani ya chupa iliyofungwa, kwani una gesi, na utapaka rangi dari ya nyumba yako. Ubora wa mnazi wa mgema wako sitausifu hapa, kwa sababu inayojulikana na kila Mswahili.

Kuhusu kuuza, chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 hata gilasi moja huhitaji leseni, na leseni siku hizi hutolewa na kaunti; pia haikubaliwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Karibisha, usiuze. Na kwa kuwa umetaja bei, nakuomba usiijaribu ile ramu ya bei ya kutupa inayopitishwa mlangoni kwa chupa zilizojazwa upya, wala chang'aa. Pombe ya namna hiyo inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na ndimu wala embe haliwezi kuiondoa. Chupa halali ina stampu ya ushuru ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, juu ya kifuniko. Ukiikuta imechanika au imebandikwa upya, irudishe dukani kabla hujaifungua.